Mfagia Nyayo

Kila siku ya soko Djuma alipita mbele ya karakana ya Bulaimu akisukuma baiskeli yenye madumu ya mawese, na kila mara alisalimu bila kusimama. Karakana ilikuwa Alunguli, karibu na mahali ambapo mitumbwi hupakia watu wanaovuka Lualaba kwenda Kindu mjini, na kazi ya Bulaimu ilikuwa kutengeneza baiskeli. Siku moja gurudumu la Djuma lilitoboka palepale mlangoni. Djuma aliteremsha madumu, akaipakia baiskeli mtumbwini, akaenda kuizibia ng'ambo kwa fundi asiyemjua. Watu wa kivukoni walicheka. Kisha mmoja akawakumbusha wenzake kwamba wale wawili ni mashemeji, wakaacha kucheka.

Kwa hiyo asubuhi ile Djuma alipoegemeza baiskeli ukutani na kupiga hodi, Bulaimu hakutazama magurudumu. Alimtazama mwanamke aliyekuja naye, wa makamo, mwenye buti za mpira na mkoba wa turubai begani.

"Huyu njo mama Nicole," alisema Djuma. "Injenia wa misitu. Anatusaidia na ile ruzuku."

Bulaimu alimpa mgeni kigoda. Djuma akakaa juu ya dumu lake mwenyewe, kama mtu asiyetaka kudaiwa hata kiti.

Nicole hakuzunguka. Alisema kuna mfuko unaotoa ruzuku kwa jamii zilizotunza misitu yao, kisha zikaachwa nje wakati wengine walipokuwa wakigawana misitu hiyo. Wenye mfuko huo walikuwa na jina la jambo hilo, haki ya mazingira, na yeye alilieleza kwa njia fupi.

"Maana yake, aliyelinda asiwe wa mwisho kuulizwa."

"Sisi tumezoea kuwa wa mwisho," alisema Djuma. "Kwetu iko hata muntu ambaye hiyo njo ilikuwa kazi yake."

Bulaimu aliendelea kukaza mnyororo aliokuwa ameushika. Nicole akaendelea. Nusu ya kusini ya msitu wa Katembele, kijiji chao kilicho kwenye njia ya Kailo, ilikuwa imekwisha kuingia kwenye ramani, kwa sababu huko kuna mashamba, makaburi na migono ya samaki. Nusu ya kaskazini, kutoka kijito cha Mosisi mpaka mto Elila, haikuwa na kitu. Wakati wa vita mtu fulani katika ofisi fulani alitia sahihi kibali cha kukata mbao huko, na juu ya kibali hicho paliandikwa kwamba msitu ule ni mtupu.

"Ili niingize upande ule, nahitaji mahali pamoja ambapo watu wenu waliishi," alisema. "Paonekane alama. Pawe na jina. Na mashahidi wawili wakubaliane. Dosie, lile faili la maombi, inaondoka Kindu mwisho wa mwezi huu. Bila hivyo, ruzuku itafika Mosisi na kuishia hapo, na misumeno itaanzia hapo."

"Kijiji kizima kiliishi kule," alisema Djuma. "Lakini tukienda, hatuoni kitu. Watu wanakumbuka kambi, njia hawaikumbuki. Kila muntu alikuwa anaangalia visigino vya aliye mbele."

"Alama hakuna," alisema Bulaimu. "Nilizifuta."

"Njo maana tumekuja kwako, shemeji."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi neno hilo kutumika kati yao bila kutupwa na mtu anayepita na baiskeli.

*

Katika mwaka wa pili wa vita, watu wenye bunduki walipita Katembele kutoka pande zote mbili za njia. Wa kwanza walichukua mbuzi. Wa pili waliwachapa watu kwa kosa la kuwapa wa kwanza mbuzi. Wa tatu walichoma nyumba, na hapo kijiji kikaingia msituni, wazee kwa watoto.

Wakubwa walimgawia kila mtu kazi. Djuma, aliyekuwa kijana wa kubeba, alibeba bibi mmoja mgonjwa. Bulaimu, aliyekuwa na mke na hana mtoto, alipewa nafasi ya mwisho katika mstari. Alitembea kinyumenyume, tawi la majani mapana mkononi, akifagia nyayo za wote. Alirudisha majani yaliyopinduliwa. Aliinua miche iliyokanyagwa na kuifunika chini kwa udongo mbichi. Hakuna aliyetembea kando yake, na hakuna aliyezungumza naye mpaka wafike, kwa sababu mfagiaji akizungumza husahau.

Kutokana na kazi hiyo zilizaliwa sheria, na sheria nyingi zilikuwa zake. Moto usiwashwe mchana. Mti usikatwe. Sauti isipandishwe. Majivu yakatupwe mtoni, na kokwa za chikichi zizamishwe mtoni vilevile, maana mchikichi ukiota katikati ya msitu unatangaza kwamba mtu alikula pale. Na anayebaki nyuma asisubiriwe.

Aliifanya kazi hiyo vizuri. Askari walipita karibu nao mara mbili, karibu kiasi cha kusikika wakikohoa, wasione kitu. Hakuna mtu wa Katembele aliyekufa kwa risasi katika msitu ule. Hata Djuma hajawahi kulikana hilo.

Mkewe Bulaimu aliitwa Latifa. Alikuwa dada mkubwa wa Djuma, mwanamke wa maneno, na sheria za mumewe zilimchekesha kabla hazijamchosha.

"Wewe Bulaimu," alimwambia siku moja mbele ya watu, "utafagia mpaka kaburi lako. Mungu atakuja kukutafuta asikuone."

Watu walicheka, mikono ikiwa midomoni, kwa sababu kucheka kwa sauti nako kulikatazwa.

Siku ya kuhama kutoka kambi ya pili kwenda ya tatu, wakubwa waliamua kwamba kikapu kikubwa cha chikichi kiachwe, kwani kilikuwa kizito na mwendo ulitakiwa uwe wa haraka. Latifa alikataa. Aliuliza watoto watakula sombe, yale majani ya muhogo, kwa mafuta gani, akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Walikwenda alfajiri. Alikuwa katikati ya mstari. Mahali fulani njiani alitoka pembeni kama anayejisaidia, akajificha, akauacha mstari umpite, mumewe naye, mpaka wakapotea, kisha akarudi kuchukua kikapu.

Bulaimu alilijua hilo walipofika kambi ya tatu, watu walipohesabiana. Alijua pia maana yake. Kati ya kambi ya pili na ya tatu hapakuwa na alama hata moja ya kumwonyesha mtu walikoelekea. Siku iliyofuata alivunja sheria yake mwenyewe, akarudi. Alikuta kambi ya pili ina askari. Alilala kifudifudi kwenye matope akaangalia mpaka akahakikisha jambo moja: kikapu hakikuwapo mahali pake, wala hakikuwa mikononi mwa askari wale. Basi Latifa alikuwa amekifikia kabla yao, na alikuwa mahali fulani msituni akiwatafuta.

Siku chache baadaye, asubuhi, moshi ulionekana upande wa mashariki wa kambi ya tatu, juu ya miti. Bulaimu ndiye aliyeulizwa, kwa kuwa mambo ya alama yalikuwa yake. Jibu lake halikumchukua muda. Watu wetu hawawashi moto mchana. Moshi ule ni wa mchana. Kwa hiyo si wa watu wetu. Kabla ya jua kufika utosini walikuwa wameondoka. Walivuka Elila na wakakaa ng'ambo mpaka habari za amani zilipowafikia.

Latifa hakurudi. Katika familia yao ilisemwa kwamba alitokea njia ya Punia. Mfanyabiashara mmoja alisema alimwona Lubutu sokoni akiuza mchele, na Djuma alikwenda Lubutu kumtafuta, akaenda tena mwaka mwingine. Bulaimu hakwenda. Hakuwa akiamini, wala hakuwa na sababu ya kukanusha. Alihamia Alunguli, akafungua karakana, hakuoa. Hakuna aliyemlaumu hata siku moja. Lawama ingekuwa na mwisho. Kule kunyamaza kwa watu hakukuwa nao.

*

Walilala Katembele, na asubuhi wakaingia msituni watu watatu. Mpaka Mosisi kulikuwa na njia. Walipovuka kijito, Bulaimu alitangulia, akaenda kidogo, akasimama. Akaenda tena, akasimama tena. Miti ilikuwa miti. Hakutambua hata mmoja.

Djuma alivumilia kadiri alivyoweza.

"Shemeji, msitu umehama?"

"Subiri."

"Au tumtafute mwingine? Iko bibi mmoja kipofu pale kijijini, labda yeye anakumbuka."

Nicole alikuwa akiangalia mashine yake ya kupimia mahali. Bulaimu aliketi juu ya mzizi kunywa maji, na kwa kuwa mzizi ulikuwa upande huo, aliketi akiangalia walikotoka. Akaacha kunywa. Mbele yake, kwa nyuma ya safari yao, ulisimama mti wenye mizizi kama kuta za nyumba, na kati ya kuta mbili kulikuwa na ufa ambao mtoto angeweza kupenya. Ufa ule aliujua. Walikuwa wameupita sasa hivi na hakuuona, kwani kwa mtu anayekwenda mbele ufa ulikuwa upande wa pili.

Alilipima jambo hilo kabla ya kulisema. Njia yote ya kambi aliipita akiwa amegeuka. Kila mti aliouona, aliuona mgongo.

"Sikuwahi kwenda huku nikiangalia mbele," alisema. "Niacheni nitembee nilivyotembea."

Djuma alicheka, sasa kwa sauti, na kasuku wawili wakaruka kutoka juu. Lakini Bulaimu alipogeuka na kuanza kwenda kinyumenyume, na kisigino chake kikakwama kwenye mmea unaotambaa, Djuma ndiye aliyemdaka.

"Ukianguka mimi sikuinui," alisema.

"Usiniinue."

Hata hivyo Djuma aliweka kiganja chake katikati ya mgongo wa shemeji yake, akamwongoza asigonge, na kiganja hicho hakikuondoka. Walikwenda hivyo, Nicole mbele akifungua njia kwa panga, Djuma akifuata, Bulaimu nyuma yao akiwapa mgongo na kutaja: kushoto, kuna kichuguu; hapa tuliteremka; hapa tuliingia majini. Mara mbili alikosea, wakarudi. Mti mmoja aliouamini ulikuwa umeanguka zamani na kuoza, na wakapoteza muda mwingi kabla ya kuutambua kwa kisiki chake.

Kambi ya kwanza haikuwa na kitu. Kambi ya pili, ambako askari nao walilala, ilikuwa na ganda moja la risasi, na Nicole alisema hilo linathibitisha askari, halithibitishi kijiji. Walilala hapo. Kesho yake walifika kambi ya tatu, kwenye kona ya kijito, mbele ya uwanda wa majimaji wenye nyasi ndefu, mahali pekee katika sehemu ile ambapo mtu akiinua macho huona mbingu.

Bulaimu alionyesha. Hapa walilala wazee. Hapa watoto. Nicole alichimba kwa koleo ndogo sehemu nyingi, akitafuta mkaa chini ya udongo. Aligusa, akanusa, akafukia. Hapakuwa na mkaa, kwa sababu Bulaimu alikuwa amewafanya watu wauokote vipande kwa vipande na kuutupa majini.

"Ulifanya kazi nzuri sana, baba," alisema Nicole. Haikuwa sifa wala lawama.

"Andika tu kwamba tulikuwa hapa," alisema Djuma. "Watu wote wa kijiji wataapa."

"Wenye kibali nao wataapa. Wao wana karatasi. Mimi nikienda na viapo tu, wataniuliza alama iko wapi."

Djuma aliketi chini. Bulaimu alibaki amesimama, akitazama ng'ambo ya uwanda, upande wa mashariki, kwa sababu kwa miaka mingi alipofikiria mahali hapa alitazama upande huo. Nicole alifuata macho yake, naye aliona kitu ambacho Bulaimu hakuwa amekitilia maanani: kati ya vilele vya miti mikubwa vyenye rangi nzito kulikuwa na doa la kijani hafifu, majani mapana kama miavuli.

"Ile ni miti ya parasoli," alisema. "Haioti kwenye kivuli. Kuna mtu alifungua mwanga pale, au mti mkubwa ulianguka. Na haiishi miaka mingi. Ile imezeeka."

"Mti ulianguka," alisema Djuma.

"Twende tuone."

*

Haikuwa mbali. Walizunguka uwanda, wakapanda mwinuko mdogo, wakafika. Miti ya parasoli ilikuwa imeanza kuanguka kwa uzee. Chini yake ilisimama michikichi, mingi, imesongamana bila mpango kama watu wanaokinga mvua, yote ya kimo kimoja. Katikati yake kulikuwa na mawe matatu yaliyofunikwa na majani. Nicole aliyaondoa majani. Mawe yalikuwa meusi upande wa ndani. Alichimba kidogo kati yake, na koleo likatoka na mkaa, tena mkaa mwingi, tabaka juu ya tabaka, wa moto uliowashwa mara nyingi mahali palepale.

Alipiga picha, akapima, akaandika. Kisha akasema aliyoyaona kwa mpangilio, kama kawaida yake.

"Michikichi peke yake ningeitilia shaka, kasuku hubeba chikichi. Parasoli nazo ningezitilia shaka. Lakini kasuku habebi mafiga. Hapa aliishi mtu, si siku moja. Kadiri ya umri wa miti hii, ni miaka ile ya vita. Hii njo alama yenu." Alifungua ukurasa mwingine. "Itongo hili linaitwaje?"

Kwao itongo, mahali palipokaliwa na kuachwa, hubeba jina la aliyewasha moto wa kwanza. Ndivyo matongo yote ya kusini yalivyoingia kwenye ramani, kila moja na jina la mtu.

"Wawindaji," alisema Djuma haraka.

"Wawindaji wa wapi? Wakiwa wa ng'ambo ya Elila, basi hapa ni pao, si penu."

Bulaimu alikuwa amechutama mbele ya mafiga. Aliokota kokwa moja kuukuu kutoka ardhini, akaigeuza, akaiweka mahali alipoitoa.

"Mwindaji hatafuti mafiga," alisema. "Anasimika vijiti, anabanika nyama, anakwenda. Mafiga matatu ni ya sufuria. Hapa palichemshwa chikichi."

"Nyamaza, shemeji."

"Kikapu kilikuwa kimejaa."

"Latifa alitokea Punia."

"Labda alitokea. Baada ya hapa."

Djuma alisimama. "Unajua unachosema? Moshi ule ulikuwa mbali. Nilikuwapo. Ulikuwa mbali kabisa, huko Elila. Wewe mwenyewe ulisema ni askari."

"Nilisema."

"Sasa unataka niweke jina la dada yangu kwenye karatasi, watu wote wasome, wajue kwamba tulimkimbia? Kijiji kizima? Mama yangu alikufa akijua mutoto wake iko Lubutu anauza mchele!"

Nicole aliuliza ni moshi gani. Bulaimu akamweleza kwa sentensi chache, bila kuongeza kitu na bila kujitetea. Alipomaliza, Nicole alifunga daftari lake.

"Kama moshi ule ulitoka hapa, mimi siwezi kujua," alisema. "Wala ninyi. Lakini kama moshi wa hapa unaonekana kambi ya tatu, hilo linaweza kujulikana leo. Nitakwenda na shahidi mmoja kule. Mwingine abaki awashe. Usipoonekana, baba Djuma, hutasema jina, na mimi sitaandika, tutatafuta alama nyingine kama muda upo."

"Na ukionekana?" aliuliza Djuma.

"Utaamua wewe. Mashahidi ni wawili."

Djuma alimtazama Bulaimu. Kisha akachukua panga lake, akatangulia, na Nicole akamfuata.

*

Ramani ile sasa imetundikwa katika nyumba ya mikutano ya Katembele. Msitu wote umo, kutoka njia ya Kailo mpaka Elila, na ruzuku ilipokuja haikuishia Mosisi. Wenye kibali walilalamika, wakaonyeshwa picha za mafiga. Kwenye ramani kambi ya tatu ni nukta, na kando yake kuna nukta nyingine yenye jina la mwanamke, na kati ya nukta hizo mbili mtu mwenye vidole vinene hawezi kuweka kidole bila kuzifunika zote. Bulaimu aliitazama mara moja tu, akarudi Alunguli kabla ya chakula. Lakini siku ile hayo yote hayakuwapo bado. Palikuwa na mafiga matatu na mtu mmoja.

Alikusanya kuni. Mikono yake ilichagua vijiti vikavu vyembamba, akavipanga kwa ustadi, akawasha, na moto ukawaka safi bila moshi hata kidogo. Ilimbidi autazame kwa muda kabla ya kuelewa alichokosea. Alikuwa hajawahi kuwasha moto ili uonekane. Akavunja matawi mabichi ya mchikichi, akaokota majani yaliyolowa, akayarundika juu. Moshi ulitoka mzito, wa manjano kwanza, kisha mweupe, ukapanda kati ya mashina ya parasoli, ukapata uwazi, ukatoka juu.

Hapo akawa hana kazi tena isipokuwa kungoja.

Hakusikia sauti ya watu. Majani yalidondosha maji. Aliongeza matawi moto ulipolegea, akakaa upande ambao moshi haukumfuata, na aliona kwamba upande huo jiwe moja lilikuwa limesogezwa nje kidogo na juu yake pamelainika, kama pa kukalia. Hakukaa juu yake.

Alifikiri juu ya Latifa kwa utaratibu, kama anavyofikiri juu ya baiskeli iliyovunjika. Latifa alizijua sheria. Alijua kwamba moshi wa mchana utasomwa kuwa wa adui. Basi kwa nini aliuwasha? Huenda hakujua kwamba wako karibu, akawasha ili ale tu. Huenda alikuwa amekata tamaa. Na huenda alihesabu namna nyingine: katika watu wote wa Katembele, ni mmoja tu angeweza kuivunja sheria ya Bulaimu mchana kweupe, na Bulaimu angeuona moshi na kusema, huyo ni mke wangu. Hilo halikuwa na ushahidi. Lilikuwa wazo tu, na lingeweza kuwa si kweli. Alilirudia kutoka mwanzo, akitafuta lilipolegea, asipate.

Mkaa ulikuwa mwingi kati ya mafiga. Aliyeacha tabaka zote zile za mkaa aliwasha leo, akawasha kesho, akaendelea baada ya watu kuwa wamekwisha kuvuka Elila. Kila asubuhi alikaa hapa na kutazama upande wa uwanda. Hilo lilikuwa na ushahidi.

Ndipo aliposikia sauti.

"Bulaimuuu!"

Ilitoka ng'ambo ya uwanda, sauti ya Djuma, nzima nzima, kila silabi mahali pake. Haikuwa sauti ya mbali. Ilikuwa kama ya mtu anayeita jirani kutoka uani. Bulaimu alishtuka, si kwa jina lake, bali kwa ukaribu. Katika siku zote walizokaa kambi ya tatu, wakati kikapu kile kilipokuwa hapa, mtu mmoja akipandisha sauti mara moja tu angesikika. Mtu yeyote, wa upande wowote. Na hakuna aliyepandisha.

Alifungua kinywa kujibu, na koo halikutoa kitu. Lilikuwa limefundishwa.

"Bulaimuuu!" Safari hii sauti ilikatika katikati, kisha ikaungana. "Unaonekana! Moshi unaonekana!"

Alisimama. Akaweka mikono pande mbili za kinywa chake, akiwa amegeukia magharibi, walikokuwa.

"Eeee!" aliitikia. "Niko hapa!"

Sauti yake ilivuka uwanda. Aliisikia ikifika.